Kasi pekee haitoshi kuendesha viwanda

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Hao hao wakaonya kuwa chelewa chelewa utapata mwana si wako. Wako wanaodai kuwa methali hizi zinapingana. Hata hivyo, anayefahamu jinsi mota za viwandani zinavyoendeshwa siku hizi atakiri kwamba zote mbili zafunza jambo moja, nalo ni kutenda kwa wakati ufaao.

Nalizungumzia suala hili kwa sababu mtandao wa kompyuta, madarasani na katika matangazo ya biashara, husifiwa kwa kigezo kimoja tu: kasi. Kigezo hicho chamfaa anayesoma barua au kutazama filamu. Hakimfai anayeendesha mtambo.

Chukua mfano wa mtambo wa kuchapisha gazeti. Picha ya rangi hupigwa chapa kwa rola za wino wa rangi nne, moja baada ya nyingine. Zamani rola hizo ziliunganishwa kwa mhimili mmoja mrefu wa chuma na gia zake, zikazunguka pamoja zitake zisitake. Kuanzia miaka ya 1990, mitambo mingi mipya iliuacha mhimili huo. Rola zikapewa mota zao, na kinachozipatanisha ni ujumbe unaopita wayani. Iwapo karatasi inakimbia mita 10 kwa sekunde, amri ikichelewa milisekunde moja karatasi itakuwa imesonga sentimita nzima. Mtu aliye pichani ataota pua ya pili shavuni!

Mtandao uitwao Ithaneti haukuundwa kwa kazi hiyo. Ulibuniwa na Robert Metcalfe na wenzake katika maabara ya Xerox huko Marekani mwaka 1973, ili kompyuta za ofisini zitumie waya mmoja. Kanuni yake ya awali ilikuwa kama mjadala wa darasa lisilo na mwalimu. Anayetaka kusema husubiri kimya. Wawili wakianza kwa pamoja, wote hunyamaza, kisha kila mmoja husubiri muda wa kubahatisha kabla ya kujaribu tena. Ofisini hakuna aliyedhurika. Kwa mota, bahati nasibu ya namna hiyo ni balaa.

Baadaye zilikuja swichi zilizoondoa mgongano huo, lakini foleni zikabaki. Katika waya wa megabiti 100 kwa sekunde, pakiti moja kubwa hushika njia kwa takriban mikrosekunde 120, yaani sehemu 120 za milioni ya sekunde. Amri iliyo nyuma yake haina budi kungoja.

Wahandisi walifanyaje basi? Mwaka 2003 kampuni ya Beckhoff ya Ujerumani ilitoa mfumo wa EtherCAT, ambao waweza kulinganishwa na daftari la mahudhurio linalopitishwa dawati hadi dawati. Kila mota husoma mstari wake na kuandika jibu lake, na daftari halisimami. Aidha, mwaka 2002 ilitolewa kanuni ya kulinganisha saa za mitambo kupitia mtandao. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mota haiambiwi tena, “Geuka sasa.” Huambiwa, “Ikifika saa fulani, uwe mahali fulani.” Ujumbe hutangulia, na kitendo husubiri saa yake.

Kwa bahati mbaya, kila kundi la watengenezaji lilijitungia lahaja yake. EtherCAT, PROFINET na POWERLINK zote hutumia waya wa Ithaneti, lakini vifaa vya mfumo mmoja havielewani moja kwa moja na vya mwingine. Anayenunua mtambo hununua pia utegemezi kwa wanaoifahamu lahaja yake. Kanuni mpya za IEEE, zinazotenga nafasi za ujumbe wa dharura mithili ya ratiba ya vipindi shuleni, zinanuia kuleta lugha ya pamoja. Safari hiyo bado haijafika mwisho.

Je, haya yatuhusu nini? Mfumo wetu mpya wa elimu umeifanya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu. Tukiwafunza vijana kasi bila kuwafunza uhakika wa wakati, tutapata mafundi wa kubadilisha vipuri, nao mtambo ukizusha kasoro, itabidi tumwite mtaalamu kutoka ng'ambo. Gharama ya kumngoja hulipwa na kiwanda, na hatimaye na mfanyakazi anayerudishwa nyumbani.

Yamkini atatokea wa kusema kwamba haya ni anasa kwa shule isiyo na maabara. La hasha! Ubao na chaki vyatosha. Mwalimu na awaulize wanafunzi hivi: mtandao wa kwanza huchukua milisekunde moja kwa kila ujumbe, bila kukosa. Wa pili huchukua sehemu ya tano ya milisekunde, lakini ujumbe mmoja kati ya 1,000 huchukua milisekunde 20. Upi ni bora? Wengi watakokotoa wastani na kuuchagua wa pili. Kisha awaambie kwamba mota hupokea amri 1,000 kila sekunde. Mtandao huo bora utaikosea takriban mara moja kila sekunde! Ucheleweshaji usiobadilika hujulikana, na mhandisi huufidia mapema. Ule wa kubahatisha haufidiki.

Hivyo basi, walimu wa kompyuta na wa fizikia wasiridhike na swali la “kasi gani?” Wawazoeze wanafunzi kuuliza: “Ujumbe utakaochelewa zaidi utachelewa kwa muda gani, na nani anayetuhakikishia?” Nao wanaonunua mitambo kwa niaba ya vyuo na viwanda vyetu waulize swali lilo hilo kabla ya kutia sahihi.