Ajali ikitokea, matatu ipige simu yenyewe

Gari likipinduka usiku kwenye barabara ya Misikhu, Naitiri hadi Brigadier, kuwa na simu mfukoni hakutoshi. Aliyeumia huenda asiweze kueleza alipo, na Tongaren inakopita barabara hiyo, nchi ya mashamba ya mahindi, haina namba za nyumba za kumwelekeza dereva wa ambulansi. Naamini sehemu ya jawabu imo ndani ya simu ya kawaida ya sauti, isiyohitaji bando. Ulaya wameshalifanya jambo hili: tangu 31 Machi 2018, kila muundo mpya wa gari dogo la abiria unaoidhinishwa huko lazima uwe na mfumo wa eCall. Gari likigonga, linapiga lenyewe 112, namba inayotumika hapa kwetu Kenya pia pamoja na 999. Mahali lilipo, saa na utambulisho wake hugeuzwa kuwa milio na kupitishwa katika simu hiyo hiyo. Ujumbe wote hauzidi baiti 140. Ukishafika, abiria na mpokeaji wanazungumza.

Watakaosema simu ya mkononi haikuundwa kwa kazi hiyo wana hoja. GSM, teknolojia ya mitandao ya simu za mkononi, huibana sauti kwa kufuata namna binadamu anavyotamka, hivyo milio ya modemu za zamani huvurugika njiani. Hata ukiambiwa "bonyeza moja", simu yako haipitishi mlio wenyewe. Hupeleka agizo tu, mtandao ukautoa mlio huo. Ndiyo maana wahandisi wa eCall walibuni milio inayostahimili kubanwa, na ndiyo maana hakuna atakayetazama video kwa njia hii. Je, SMS haitoshi? Nayo hubeba baiti 140, lakini yaweza kukwama foleni, tena haimpi majeruhi mtu wa kusema naye. Ulaya sasa inahamia 4G kwa sababu 2G na 3G zinazimwa huko. Hapa simu zetu za kabambe bado zinaitegemea 2G.

Kifaa kitaongeza gharama, kweli. Lakini sheria za 2004 za Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, ziliwalazimu wenye matatu kufunga mikanda na vidhibiti mwendo, na ingawa wapo waliokwepa, usafiri ulibadilika. Kazi ngumu zaidi iko upande wa pili wa simu: chumba chenye mtambo wa kusoma milio hiyo, watu wa zamu usiku na mchana, na ambulansi yenye mafuta. Bila hayo, kifaa ni bure. NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, ianze na matatu za Kitale na Bungoma, na kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zichangie chumba kimoja katika bajeti ijayo.