Risasi Haikuondoka Eastleigh

Juzi nimeongea kuhusu vumbi la First Avenue, mtu akanijibu: "Petroli ya risasi iliisha 2006, tulia bro." Kuuzwa, ndiyo, iliisha. Lakini magari yalikuwa yametema hiyo risasi hapa kwa miaka mingi, na risasi (si ile ya bunduki) ni metali. Haiozi. Mvua haiishushi mbali, inashikamana na udongo na kukaa sentimita chache za juu. Hapo hapo watoto wanachezea bano.

Inayoshuka hadi kwa maji ni nyingine: ethilini dibromaidi. Iliwekwa kwa petroli hiyo ili risasi isigande ndani ya injini. Tangi la zamani likivuja, hiyo inafuata maji chini. Sasa unahamia gorofa ya maji ya kisima, unauliza tu kama yana chumvi. Nani anauliza kama hapo kando kulikuwa na petrol stesheni?

Niliacha chuo, sijifanyi mkemia. Lakini kaunti ikipitisha ramani ya jengo, idai udongo na kisima vipimwe pia. Na wewe wa "tulia bro", mtoto akitoka kucheza, mnawishe mikono kabla hajashika chapo.