Nani Atakaa Katika Kamati ya Skuli?



Wasomaji wetu watukufu, mwezi huu nakuombeni ruhusa tusizungumze khabari ya udhu wala ya mirathi. Nataka tuzungumze jambo ambalo wengi katika sisi huliona dogo, nalo ni ile kamati ya skuli ya mtaani, na nani anayestahiki kuingia ndani yake. Nalisema kwa kuwa limenifika mwenyewe, na kwa kuwa nimelikosea mara mbili.

Mara ya kwanza wazazi tuliitwa mkutanoni kuchagua wajumbe. Mzee mmoja akainuka akanitaja. Nami nikasimama, nikasema kwa sauti ya unyenyekevu iliyonipendeza mwenyewe, kuwa mimi ni mtu wa chuo, elimu yangu ya skuli imeishia ya msingi, na ukubwa si kitu cha kutakwa. Watu wakanisifu kwa uchaji Mungu wangu. Miaka ikapita, nikatajwa tena, nikajibu yale yale. Viti vikakaliwa na wenye ulimi na wenye nafasi; wala siwalaumu, maana wao angalau walikuja.

Kosa langu nimekuja kulijua katika daftari la chuo changu. Skuli yetu, kama zilivyokuwa nyingi Unguja, ina mikondo miwili: watoto wengine husoma asubuhi, wengine mchana. Wa mkondo wa mchana huja kwangu chuoni asubuhi, na wa asubuhi huja baada ya Alasiri. Siku moja nikiita majina, nikatanabahi kuwa hawa wangu wa asubuhi karibu wote ni watoto wa wavuvi, wa wachukuzi wa bandarini, na wa kina mama wanaouza urojo na mihogo. Watoto wa watu wa afisini wote huja Alasiri. Nikafungua kurasa za nyuma: mwaka wa tatu huo, na ni wale wale.

Hakuna mtu aliyekaa kitako akaipanga dhuluma hii. Ilikuwa kila orodha ikitoka, mwenye kuujua mlango wa kubisha hubisha, na mtoto wake akahamishwa. Asiyeujua hushukuru kwa alichopewa. Mtoto wa mchana huingia darasani jua limeshapiga bati, ameamka tangu Alfajiri, ameshasoma chuoni, ameshatumwa sokoni Darajani na kurudi, na pengine hajala. Kisha tukiona matokeo ya mtihani twasema, mtoto huyu kichwa chake kizito!

Mama mmoja miongoni mwa hao akaniuliza, bila ya hasira, "Maalim, na nyinyi watu wazima mlikuwapo mkutanoni. Mbona hamkusema?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Basi nikarejea kuitazama ile hoja yangu ya kutotaka ukubwa. Ni kweli Bwana Mtume (S.A.W.) alimnasihi Abdurrahman bin Samura asiombe uongozi, kwa kuwa anayepewa kwa kuuomba huachiwa nao peke yake, na anayepewa bila ya kuuomba husaidiwa. Mafunzo haya nimeyasomesha mara nyingi. Lakini aliyesomesha hayo aisomeshe na sura ya Yusuf. Nabii Yusuf (A.S.) alimwambia mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, maana alijua kuwa njaa inakuja na kuwa nafaka inataka mtu wa kuichunga. Wanavyuoni wameyakusanya mawili haya kwa kusema kuwa lililokatazwa ni uroho wa cheo, na kukichukua asiyekiweza. Ama mwenye kuiweza kazi akaona haki za watu zinapotea, huyo hana lawama kujitokeza. Nami mara zote mbili nilizokataa nilikuwa nimetajwa na watu, wala sikuomba. Basi niseme kweli: nilikuwa naogopa kusomewa hesabu za fedha mbele ya watu nisizifahamu.

Lisisahauliwe pia kuwa kukaa mbali na skuli ni maradhi yetu ya zamani. Serikali ya kikoloni ilipofungua skuli zake mwanzoni mwa karne ya 20, wazee wengi, khasa wa shamba, walikataa kupeleka watoto kwa kuikhofia dini yao. Khofu yao ilikuwa na maana. Skuli zilijaa zaidi pale Qurani ilipotiwa katika masomo, na Qurani haikutiwa ila baada ya watu kusema. Na skuli za siku hizo zilikuwa za mafungu: Wahindi na zao, wamisheni na zao, serikali na zake. Tarehe 23 Septemba 1964, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo kwa watoto wote wa Zanzibar, na hata leo siku hiyo huadhimishwa. Katika miaka ya 1990 wazazi wakatakiwa tena kuchangia, na mwaka 2015 michango ikaondolewa katika skuli za msingi. Tangu 2020 skuli za ghorofa zimejengwa mjini na mashamba ili mikondo iondoke, na palipofika nafuu pana nafuu.

Walakini jengo halijui nani amekaa nyuma. Mtoto wa Paje au Jambiani anayekosa skuli wakati wa bamvua kwa kuwa mamake yuko kwenye mwani, yule aliyefuatana na babake dago akapotea wiki kadhaa, yule asiye na pesa ya masomo ya ziada ya jioni: hao hawajulikani na ghorofa. Hujulikana na jirani. Na kamati ndiyo mahali ambapo jirani anaweza kuuliza, na likaandikwa.

Kuna na watoto wasioona na wasiosikia, ambao wengine wetu bado tunawaficha ndani. Qurani ina sura nzima iliyofunguliwa kwa khabari ya kipofu, Ibn Ummi Maktum, aliyekuja kutaka kufundishwa wakati Bwana Mtume anazungumza na wakubwa wa Makureshi. Mwenyezi Mungu alimzindua Mtume Wake kwa ajili ya mwanafunzi huyo mmoja. Sijui sisi tutasema nini.

Kijana mmoja wa darsa yangu, nilipomwambia khabari hii, aliniuliza kama kamati ina posho. Nikamwambia ina chai, tena siku nyingine haina sukari. Akacheka, lakini amekubali kunifundisha kusoma hesabu za mapato na matumizi, na kwa sasa kila baada ya Isha mimi ndiye mwanafunzi na yeye ndiye maalim. Hupiga meza nikikosea. Nyinyi vijana mliosoma, mnaweza kuwafanyia wazee wenu kama hivi.

Mkutano wa wazazi ni Jumapili ijayo, baada ya Alasiri. Nimekwisha kumwambia mzee yule aliyenitaja kuwa akinitaja tena sitakataa. Na yule mama wa urojo nimemwomba naye asimame. Kwanza alisema yeye si mtu wa mikutano, kisha akauliza kama anaweza kuja na mtoto mgongoni. Nikamwambia aje naye. Tukipata viti, la kwanza tutakaloliomba ni orodha ya mkondo wa mchana, ya mwaka huu na ya miaka mitatu iliyopita, tuiweke ubavuni mwa daftari langu. Tusipopata, tutaiomba vile vile, tukiwa tumekaa na wazazi wenzetu.