Tela nyuma ya Mark II lina faida, likipita kwanza kwenye mizani

KATIKA karne ya 19 mizigo ya misafara iliyotoka na kuingia Bagamoyo ilifungwa kwa kipimo. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 30 hivi. Mwenye msafara hakupima kwa huruma. Alijua kwamba mpagazi akianguka njiani, mtaji nao umeanguka. Leo, hatua chache kutoka jengo la Caravan Serai, wapo wafanyabiashara wa Dunda wanaotaka kumrudisha mpagazi kwa sura nyingine: gari dogo la zamani lenye tela nyuma yake.

Wazo lenyewe si baya. Mfanyabiashara wa samaki au chumvi anayemiliki Mark II, Chaser au Cresta ya miaka ya 1990 mara nyingi ana injini ya silinda sita, na gari lake kwa kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma. Kila safari ya Dar es Salaam, kilometa 70 hivi, hukodi pikapu ya mtu mwingine huku gari lake mwenyewe likifuata nyuma tupu. Kwa nini asifunge tela, fedha ya kukodi ikabaki mfukoni?

Upande mmoja mafundi wanaomshauri wana haki. Tela huegemeza sehemu ya uzito wake kwenye ndoano, na uzito huo hukandamiza magurudumu ya nyuma. Katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, mkandamizo huo hulinyanyua pua na kulipunguzia nguvu ya kushika ardhi, hasa penye mchanga. Gari la magurudumu ya nyuma hunufaika. Ndiyo maana wazee bado wanaisifia Peugeot 504, iliyoshinda mbio za magari za Safari mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Sifa hizo ni za kweli. Lakini magari yale yalishinda bila kukokota tela.

Kosa linaanzia hapo. Mnunuzi huuliza, "Litavuta?" Mark II itavuta hata tani moja. Swali la biashara ni jingine: litasimama?

Tuchukue gari la kilo 1,300. Ukilifungia tela la kilo 1,000, breki zilizotengenezwa kwa gari na abiria wake sasa zinatakiwa kusimamisha kilo 2,300, kwa sababu matela mengi madogo hayana breki zake. Aidha, nguvu inayotakiwa kuzimwa na breki hukua haraka kuliko mwendo. Kutoka kilometa 50 kwa saa hadi 80, nguvu hiyo huongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Dereva anayeteremka kuelekea mto Mpiji, akakuta bajaji imesimama mbele yake, hana muda wa kufanya hesabu hiyo. Anaifanya kwa bodi ya gari lake, au kwa mwili wa mtu.

Nchini Uingereza sheria imeweka mpaka ulio rahisi kukumbuka: tela lisilo na breki zake lisizidi kilo 750 pamoja na mzigo, wala lisizidi nusu ya uzito wa gari, kutegemea kipi ni kidogo. Kwa gari letu la kilo 1,300, nusu ni kilo 650. Kama tela lenyewe tupu lina kilo 200, mzigo halali kwa akili ya kawaida ni kilo 450. Hiyo ndiyo biashara yote. Anayepanga juu ya tani moja anapanga juu ya gari asilokuwa nalo.

Sasa tuangalie fedha. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Msomaji aweke bei zake. Tuseme kukodi pikapu kwa kilo 450 ni sh. 60,000/- kwa safari. Petroli ya ziada ya kukokota tela iwe sh. 15,000/-. Zinabaki sh. 45,000/-. Kama tela, ndoano na usajili vimegharimu sh. 3,000,000/-, mtaji unarudi baada ya safari 67, kiasi cha wiki 33 kwa safari mbili kila wiki.

Hesabu hiyo inapendeza, lakini ni ya uongo. Breki, matairi, shokapu na springi za nyuma zitaisha mapema. Springi za Mark II ziliwekwa kwa starehe ya abiria. Giaboksi ya otomatiki itachemka zaidi na oili yake itataka kubadilishwa mapema. Tenga sh. 15,000/- kila safari kwa ajili hiyo, zibaki sh. 30,000/-. Mtaji sasa unarudi baada ya safari 100, takriban mwaka mzima. Bado ni biashara nzuri kwa mtu ambaye gari analo tayari. Kwa yule anayetaka kununua Mark II kuukuu ili tu ikokote tela, jibu ni hapana. Atafute pikapu.

Hatari kubwa inakuja mwezi wa tatu, mwenye tela anapoona mtaji unarudi polepole. Anajiambia kwamba akipakia kilo 900 atamaliza kabla ya miezi sita. Hapo ndipo mkweche unapochinjwa. Giaboksi ikifa, faida ya miezi imekwenda gereji. Breki zikishindwa, hakuna hesabu tena ya kufanya.

Kwa wasomaji wanaotaka kuingia, yapo mambo ya kuzingatia. Kwanza ni ndoano. Magari haya hayana chesi ya pekee kama pikapu. Bodi ndiyo chesi. Ndoano ifungwe kwa bolti kwenye mihimili ya chini ya bodi, isichomelewe kwenye bampa. Kwetu pwani, hewa ya bahari na maji ya samaki hula chuma cha nyuma kuliko cha mbele. Gari ambalo sakafu ya buti imeoza halifai tela, hata kama injini yake inaimba.

Pili ni upakiaji. Uzito mkubwa ukae mbele kidogo ya ekseli ya tela, ili asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote iegemee kwenye ndoano. Mizani ya sokoni inatosha kupima. Mzigo ukilemea nyuma, tela huanza kuchezesha mkia na kulivuta gari huku na huku. Wenye samaki wakumbuke kwamba barafu ikiyeyuka maji hukimbilia penye mteremko, na tela lililotoka Dunda limekaa sawa linaweza kufika Bunju limelala nyuma. Toboa njia ya maji.

Tatu ni mwendo. Kwenye otomatiki zima gia ya juu kabisa kwa kitufe chake, na usizidishe kilometa 60 kwa saa.

Nne ni karatasi. Tela husajiliwa TRA na kupata namba yake. Usidhani bima ya gari inalifuata tela. Uliza, na jibu liwe la maandishi. Na asipande mtu juu ya mzigo, hata mchuuzi anayelinda kapu lake.

Mwekezaji mdogo asiye na gari naye ana nafasi: kununua tela na kulikodisha kwa siku. Mkataba wake utaje kilo, usitaje safari tu. Anayekodi kwa siku hana uchungu na ekseli ya mtu, na atarudi mara mbili na mzigo mara mbili. Mwenye tela aliye makini atadai breki za tela lenyewe, hata kama zinaongeza gharama, kwa kuwa ndizo zitakazoliwezesha kubeba zaidi bila kuua gari la mteja.

Maoni yetu ni kwamba tela la kilo 450 linaweza kumpunguzia mfanyabiashara wa Dunda gharama ya usafiri, na pia kumletea mananasi ya Kiwangwa siku samaki wakiadimika. Tela la tani moja nyuma ya gari hilo hilo ni deni ambalo tarehe yake ya kulipwa haijulikani. Kabla ya kwenda kwa fundi wa kuchomelea, pita kwanza kwenye mizani.