Bondia Aliyeshindwa na Moyo Wake



Mjini Kinshasa uko uwanja wa michezo unaoitwa kwa jina la padri mmisionari, Raphaël de la Kethulle, ambaye wakaaji wa mji walimwita Tata Raphaël kwa sababu aliwajengea watoto wao shule na viwanja. Katika uwanja huo, alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, ulipokuwa bado ukiitwa Uwanja wa 20 Mei na nchi yetu ikiitwa Zaire, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya nane. Wazee wetu husimulia habari hiyo kwa furaha, na sifa zote humwendea Ali. Sisi leo tunapenda kumtazama yule aliyeanguka, kwa maana katika maisha yake mna fundisho ambalo kijana mwenye kipaji analihitaji kuliko shangwe za ushindi.

Foreman hakuwa bondia wa kubahatisha. Alizaliwa Texas mwaka 1949 katika familia maskini, akaacha shule mapema, na kwa kukiri kwake mwenyewe alikuwa akiwanyang'anya watu mali zao njiani. Kituo cha serikali cha kuwafundisha vijana kazi kilimpokea, na humo alimpata mwalimu wa ngumi. Mwaka 1968 alipata medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Mexico. Mwaka 1973, huko Kingston, Jamaika, alimwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Alipofika Kinshasa alikuwa na umri wa miaka 25, amekwisha kupigana mara 40, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemshinda.

Hapo ndipo kipaji kinapogeuka kuwa mtego. Mtu anayeshinda upesi kila mara huanza kuamini kwamba hana la kujifunza wala wa kumsikiliza. Inasimuliwa kwamba Foreman alishuka Kinshasa pamoja na mbwa wake mkubwa wa Kijerumani, wa namna ile iliyotumiwa na polisi wa ukoloni. Hakukusudia kumtukana mtu; hakujua, wala hakuuliza. Ali alitembea kati ya watu, akawasalimu, na umati ukawa wake kabla ya kengele ya kwanza kulia.

Usiku ule Ali aliegemea kamba, akajikinga kwa mikono, akamwacha mwenzake apige. Huku akipigwa alimnong'oneza maneno ya dharau, kwamba ngumi zake hazina nguvu. Foreman angeweza kurudi nyuma, kuvuta pumzi, kungoja. Pambano lilipangiwa raundi 15, muda ulikuwapo. Lakini moyo wake ulikuwa umechomwa, naye akazidi kupiga, raundi baada ya raundi, mpaka mikono ikawa mizito. Katika raundi ya nane Ali alitoka kwenye kamba, akatupa ngumi chache za haraka, na bingwa akalala chini. Wahenga walisema hasira ni hasara. Kwa mpiga ngumi, hasara hiyo huanza katika pumzi.

Hata hivyo, kwa maoni yetu, kuanguka kule hakukuwa jeraha kubwa. Kila bondia huanguka. Jeraha kubwa lilifuata: Foreman alidai kwamba kamba zililegezwa, kwamba mwamuzi alihesabu haraka, kwamba maji aliyopewa yalitiwa dawa. Mwaka 1975, mjini Toronto, alipambana na watu watano katika siku moja ili dunia imwone tena kuwa mwenye nguvu. Ali alikuwa kando ya ulingo akimdhihaki, na Foreman akajibizana naye. Nguvu zilikuwapo, lakini zilitumika kuitibu aibu. Mwezi Machi 1977 alishindwa na Jimmy Young huko Puerto Rico. Usiku huo, katika chumba cha kubadilishia nguo, kama alivyosimulia mwenyewe, alijiona anakufa, akamlilia Mungu. Akaacha ngumi akiwa na miaka 28. Kurudiana na Ali, jambo alilolitamani sana, hakukupatikana kamwe.

Mtu anaweza kutuuliza: je, bondia asiye na majivuno ataingiaje ulingoni? Na Ali, je, hakujisifu kuliko wote? Swali hilo ni la haki. Kujiamini ni lazima, na Ali alijisifu sana kwa kinywa. Lakini usiku ule wa Kinshasa alikubali kuonekana mnyonge mbele ya maelfu ya watu, kwa sababu akili yake iliutawala moyo wake. Naye pia hakusalimika daima. Mwaka 1980 alirudi ulingoni kupambana na Larry Holmes, wakati mwili ulikuwa umekwisha kukataa, akapigwa bila kuweza kujibu, hata mwalimu wake Angelo Dundee akalisimamisha pambano baada ya raundi ya kumi. Kiburi hakichagui: humshika aliyeshindwa kwa jina la kulipiza kisasi, na humshika mshindi kwa jina la utukufu wa jana.

Ndugu vijana, mambo haya hayaishii ulingoni. Tunamfahamu mwimbaji mwenye sauti nzuri anayeiacha kwaya kwa sababu mwongozaji alimsahihisha mbele ya wenzake. Tunamfahamu mchezaji hodari ambaye timu yake ilibaki na watu 10 kwa sababu alichokozwa kwa neno moja tu. Na sisi wakubwa tuna sehemu yetu katika kosa hilo. Tunamwita mtoto nyota angali mbegu, tunamsamehe ukorofi kwa ajili ya mabao yake, kisha tunashangaa anapokosa kuvumilia siku ya kushindwa. Mtakatifu Paulo, alipowaandikia Wakorinto, alijifananisha na mpiga ngumi, na mwili aliojitahidi kuutiisha ulikuwa wake mwenyewe.

Kwa hiyo tunawaomba mjiulize maswali mawili katika mkutano wenu ujao, na kila mmoja ajibu kwa unyofu. La kwanza: ni nani niliyempa ruhusa ya kuniambia ukweli, hata nikiwa nimeshinda? La pili: niliposhindwa mara ya mwisho, neno langu la kwanza lilikuwa lipi? Kama lilikuwa kisingizio, basi pambano lile bado halijaisha ndani yangu.

Foreman alikaa miaka 10 nje ya ulingo. Alihubiri Injili, akafungua kituo cha vijana mjini Houston, na mwaka 1987 akarudi kwenye ngumi kwa sababu kituo hicho kilihitaji fedha. Watu walimcheka kwa unene na umri wake; yeye akacheka pamoja nao. Tarehe 5 Novemba 1994, huko Las Vegas, akiwa na miaka 45, alivaa tena ile kaptula nyekundu ya Kinshasa na kupambana na bingwa Michael Moorer, kijana wa miaka 26. Kwa raundi tisa aliachwa nyuma kwa pointi. Safari hii hakukasirika, alingoja. Katika raundi ya kumi mkono wake wa kulia ulimfikia Moorer, na Foreman akawa bingwa wa dunia tena, akapiga magoti katika kona yake kusali.

Katika kona hiyo, akimshauri kati ya raundi na raundi, alikuwamo Angelo Dundee, yuleyule ambaye mwaka 1974 alikuwa upande wa Ali. Foreman wa Kinshasa asingekubali kusikia neno kutoka kwa mtu huyo. Foreman wa Las Vegas alimsikiliza.