Anayeanguka na njaa apimwe sukari kwanza

Mtu akianguka na kutetemeka alfajiri hapa Bulembia, majirani huuliza nani kamroga, na wenye elimu kidogo husema ni kifafa. Nimefanya uuguzi miaka mingi katika bonde hili la Kilembe, wilayani Kasese, Uganda, na msimamo wangu ni huu: kabla hujampa mtu jina la ugonjwa, mpime sukari ya damu papo hapo.

Namkumbuka mama mmoja, mkulima wa kahawa mlimani. Akichelewa kula, jasho lilimtiririka, akawa anaropoka, asiwatambue hata wanawe. Akinyweshwa chai ya sukari, akili zilimrudia. Alimeza dawa za kifafa muda mrefu bila nafuu, akaombewa sana. Nilipomchoma kidole akiwa katika hali ileile, kipimo kilisoma 1.9 mmol/L, chini mno, na hakuwa akitumia dawa yoyote ya kisukari. Kampala walimkuta na uvimbe kwenye kongosho uitwao insulinoma, unaomwaga insulini, homoni inayoshusha sukari, hata tumbo likiwa tupu.

Ni ugonjwa adimu: kwa mwaka huwapata watu 1 hadi 4 katika kila milioni. Mara nyingi uvimbe haufiki sentimita 2, hivyo ultrasaundi inaweza kuukosa. Lakini takriban 9 kati ya 10 si saratani, na ukiondolewa mgonjwa hupona. Daktari Roscoe Graham wa Toronto aliuondoa uvimbe wa aina hiyo mwaka 1929. Katika miaka ya 1930, daktari wa upasuaji Allen Whipple alitaja alama tatu: dalili wakati wa njaa, sukari kuwa chini wakati huohuo, na nafuu mara sukari inapopanda. Zote tatu zinaonekana katika kituo chochote chenye kipima sukari. Vipimo vya insulini, picha na upasuaji ndivyo vinavyohitaji rufaa.

Nitaambiwa Kasese inasumbuliwa na malaria, si maradhi adimu. Lakini malaria kali nayo hushusha sukari, na kwinini vilevile. Tone moja la damu linawafaa wagonjwa wote hao.

Kwa hiyo wilaya ihakikishe stripu za kupimia haziishi vituoni, kuanzia Bwera hadi Bulembia. Nawe msomaji, ukimpeleka ndugu yako aliyeanguka, muulize mhudumu: "Sukari yake ni ngapi sasa hivi?" Andika jibu pamoja na saa, uende nalo kwa daktari.