Jino la Mwalimu

Mwanzoni mwa Kwaresima mwalimu mmoja wa parokia yetu alitufuata baada ya Misa, mkono wake ukifunika kinywa. Jino lake la mbele lilivunjika alipoanguka kwa baisikeli, na mzizi uliobaki ukang'olewa. Tangu siku ile hakukubali tena kusoma Waraka mbele ya watu, na watoto wa darasa la kwanza walimcheka kila alipotamka F na V. Daktari wa meno wa mjini alimwambia kwamba jino la kupandikiza ni dola 700. Akatuuliza: «Je, ni dhambi nikiuza cherehani ya mama watoto?»

Tulimjibu kwamba kutaka jino si majivuno. Mwalimu hufanya kazi kwa kinywa chake kama seremala kwa randa yake. Lakini cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikilipia shule wana wanne, nasi tukamwomba asiiguse kabla hajaelewa ananunua kitu gani.

Jino la kupandikiza ni vitu vitatu: parafujo ndogo ya titani inayoingizwa katika mfupa wa taya, kiungo kinachosimama juu yake, na taji, ndilo jino lenyewe tunaloliona. Msweden Per-Ingvar Brånemark, alipokuwa akichungua mifupa ya sungura katika miaka ya 1950, aliona kwamba titani hushikamana na mfupa ulio hai. Mwaka 1965 akamtia mtu wa kwanza meno ya namna hiyo. Mfupa hautaki haraka. Mara nyingi hungojewa miezi mitatu hadi sita kabla ya kuweka taji. Tena, kwa mvuta tumbako na kwa mwenye ugonjwa wa sukari usiotunzwa, hatari ya parafujo kutoshika ni kubwa zaidi, na fedha zikipotea hivyo ni vigumu kuzipata tena.

Basi mwalimu alirudi kwa daktari akauliza: zile dola 700 ni za kitu gani? Zilikuwa za parafujo peke yake. Pamoja na kiungo, taji na picha za mionzi, hesabu ilipita dola 1,200. Daktari hakudanganya, hakuulizwa tu. (Sisi tungependa waganga waitaje jumla tangu siku ya kwanza, lakini hayo tuyaache.) Wazazi, ombeni hesabu yote iandikwe kwenye karatasi. Naye anayevutwa na bei ndogo ya mji wa mbali ahesabu nauli mara tatu au nne, kisha ajiulize ni nani atakayemtengenezea parafujo hiyo ikilegea, kwani viwanda havitoi vipande vya kipimo kimoja.

Daraja ni njia nyingine: jino la bandia hushikwa na meno ya jirani. Lakini meno hayo, hata yakiwa mazima, hupaswa kuchongwa, na jino lililochongwa halirudi kuwa kama lilivyokuwa. Kwa hiyo tulimshauri mwalimu jino la kuvaa na kuvua, lililoshikwa na kipande cha plastiki kwenye kaakaa, ambalo gharama yake ni ndogo mno. Lina taabu zake. Huvuliwa usiku na kusafishwa, tena mfupa ulio chini yake huendelea kupungua, hata baada ya miaka huenda ukahitaji kuongezwa kabla ya kupandikiza, na kazi hiyo nayo hulipiwa. Asidhani mtu kwamba kungoja ni bure.

Mkewe alisikiliza yote bila kusema neno, kisha akacheka: «Mimi nimekwisha kuuzoea uso wake. Yeye ndiye asiyeuzoea.» Juma lile lile akaingia katika likelemba ya akina mama kumi na wawili wa mtaa wao; zamu yake ni ya tisa. Fedha hizo hazitatosha parafujo, kiungo na taji kwa mara moja, lakini daktari amekubali kupokea malipo kwa sehemu, kila kazi na bei yake, naye ameyaandika.

Jino la kuvaa lilikuwa tayari siku chache kabla ya Pasaka. Kwanza lilimpa kichefuchefu, na herufi S ilimtoka kama filimbi. Akafanya mazoezi nyumbani kwa kuwasomea wanawe kila jioni. Dominika ya Pentekoste alisoma Waraka. Nyuma ya nyumba yake, tulipopita Jumatatu, tuliisikia cherehani.